Hosea Peasgood Aomba Kuchekwa

Hosea Peasgood aliuza vyombo vya chuma na shaba katika Mtaa wa Fennel, hapa London, kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka hiyo yote hakuna mtu aliyemsema vibaya. Wala vizuri. Hakuna aliyemsema kabisa, na hicho ndicho kilichomkosesha usingizi.

Mtu akisema anakwenda kununua misumari kwa Peasgood, aliulizwa palepale, "Peasgood yupi?" Kwa maana walikuwa wawili. Hosea alikuwa upande wa kivuli, na mdogo wake Amos upande wa jua, maduka yakitazamana kama mashahidi wawili wa kesi moja. Baba yao alipokufa waligombania birika kubwa la shaba lililoning'inia mlangoni badala ya kibao, wakalivuta huku na huku mpaka likapasuka, na tangu siku hiyo waliongea kwa kupitia wateja tu. "Mwambie huyo wa ng'ambo bawaba zake zinalia." "Mwambie huyo wa kivulini aoge."

Walifanana kama vijiko viwili vya droo moja: pua ileile, kidevu kilekile kilichokata tamaa mapema, upara uleule. Kila mmoja alibakiwa na shungi moja la nywele, refu, alilolilea kama mtoto wa mwisho. La Hosea liliota juu ya sikio la kushoto, akalivusha utosini likalala upande wa kulia. Amos, kwa ukaidi tu, alifuga la kulia akalivushia kushoto. Hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyowatofautisha. Hata Tabitha, mke wa Hosea, alikiri kwamba upepo ukivuma barabarani, alisubiri kwanza utulie ndipo amwite mtu mume wangu.

Alichokitaka Hosea duniani ni kuwa msimamizi wa kanisa. Ni cheo kisicho na mshahara. Kina benchi la mbele lenye mto mwekundu, na fimbo ndefu yenye kichwa cha fedha ambayo msimamizi huishika huku akiwatazama wengine kana kwamba wamechelewa. Wasimamizi huchaguliwa na walipa kodi ya parokia, kwa kuinua mikono, Jumanne ya Pasaka. Jumanne kumi na moja Hosea alihudhuria na koti lililopigwa pasi, na Jumanne kumi na moja wakachagua mwingine: muuza mishumaa, kinyozi, na mwaka mmoja wakamchagua mtu aliyekuwa amefariki Ijumaa Kuu bila wao kuwa na habari. Huyo marehemu alipata kura nyingi sana.

Mimi wakati huo nilikuwa kwenye meza ya rangi ya Bi. Wragg, mjane mwenye duka la chapa, picha za kuchapwa za kuwadhihaki watu, pembeni mwa mtaa. Tulikuwa wanawake watano, kila mmoja na rangi yake, karatasi zikipita mkono kwa mkono. Yangu ilikuwa nyekundu. Nilipaka pua za mawaziri, mashavu ya maaskofu na makoti ya wanajeshi, na nakuhakikishia kwamba mawaziri walimaliza rangi kuliko jeshi lote. Kazi zetu mpya zilitundikwa kwenye dirisha la duka, na watu walijazana pale kuzicheka bure, wachache wakinunua.

Mwezi wa pili Hosea akaingia. Alivua kofia taratibu, kwa heshima ya shungi.

"Bi. Wragg," akasema, "nataka mnicheke."

Bi. Wragg alikuwa anakata karatasi. Hakuinua macho. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Mke kakukimbia?"

"Yupo nyumbani, ana mafua."

"Umekula fedha za maskini wa parokia?"

"Mama! Mimi?"

"Sasa tutakucheka kwa lipi, Bwana Peasgood? Dirisha langu lina foleni. Nina waziri hapa anasubiri tangu Krismasi."

"Ndiyo hapo sasa," Hosea akasema, akaisogelea meza. "Nimesimama nje ya dirisha lako miaka mingi, nikaona jambo. Yule jenerali mlimchora punda, akapewa uwaziri. Yule askofu mlimchora pipa, akaongezewa kanisa la pili. Kila mnayemwaibisha anapanda. Mimi hamjanichora, ndiyo maana sichaguliwi."

Tukasimamisha brashi zote tano. Tuliipekua hoja ile tukitafuta tundu, hatukuliona.

Msimu ule Bi. Wragg alikuwa anauza sana watu waliotengenezwa kwa bidhaa zao wenyewe. Tulikuwa na muuza mboga mwenye kichwa cha kabichi na vidole vya karoti, na muuza samaki mwenye masikio ya chaza na kaptula ya ngozi ya samaki taa. Muuza vyombo vya chuma hakuwepo.

"Naweza kukuweka humo," akasema Bi. Wragg. "Ila hawa hawana majina wala sura za watu. Ni kazi tu imeota miguu."

"Nipe shungi," Hosea akasema. "Niwekee shungi langu tu, mtaa utajua."

Kesho yake alileta toroli la vyombo vyake bora, vimesuguliwa mpaka vinaumiza macho. Mchoraji wetu alikuwa Bwana Stobbs, mtu aliyetafuna kitunguu kibichi akiwa kazini, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumsimamia kwa karibu. Hosea alijaribu.

"Tumbo liwe hili birika. Limetoka Birmingham."

"Sawa. Miguu koleo za moto. Pua?"

"Pua iwe ya kawaida."

"Bwana, duka lako haliuzi pua za kawaida. Kuna faneli, ya kumiminia mafuta."

"Na mdomo?"

"Mtego wa panya."

"Huo? Huo si ndio wa bei ya chini kabisa!"

"Unafunguka, unafungika," Stobbs akasema. "Wako unafanya nini zaidi?"

Hosea akaumeza mtego. Kwenye shungi, hata hivyo, hakukubali mchezo. Alichagua mwenyewe brashi ya kufagilia majivu, yenye manyoya marefu, akaiweka juu ya kifuniko cha sufuria kilichokuwa kichwa, na alisimama kando kwa saa nzima akiilinda. "Kutoka kushoto! Kushoto kwangu, Bwana Stobbs, siyo kwako!" Stobbs akachora vilevile, unyoya kwa unyoya, kwa chaki yake nyeusi juu ya jiwe la kuchapia.

Sasa, jiwe lina tabia moja ambayo sisi wa kazi hii tunaijua kama njia ya chooni: ukichora kulia, kwenye karatasi linatokea kushoto. Kwa hiyo maneno ya chini ya picha aliyaandika fundi mwingine, aliyekuwa na kipaji cha kuandika kinyumenyume. Picha yenyewe Stobbs aliichora kama alivyoiona. Kwa nini ajisumbue? Kabichi halina kushoto. Muuza samaki ukimgeuza bado ananuka samaki. Katika miaka kumi na mitano hakuna karoti iliyowahi kurudi dukani kulalamika kwamba imegeuzwa.

Karatasi za kwanza zilipofika mezani, mwenzangu wa rangi ya buluu alizitazama, akaweka brashi chini.

"Jamani. Huyu si Amos?"

Alikuwa Amos mtupu. Shungi lilitoka juu ya sikio la kulia likavuka kwenda kushoto, kwa maringo yote ya yule wa upande wa jua.

"Zimeshatoka mia mbili," akasema Bi. Wragg. "Pakeni rangi."

"Na mwenyewe akiuliza?"

"Mwenyewe alitaka shungi. Shungi lipo."

Nikachovya brashi nikaupaka mtego wa panya midomo myekundu. Hakuna aliyemwambia Hosea. Hata mimi, tena mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Tulimtundika Jumatatu ya wiki ya mwisho kabla ya Pasaka. Hosea alikuja mapema, akasimama mbele ya dirisha, na machozi yakamtoka. Sitanii. "Ndiye mimi!" akasema. "Ndiye mimi kabisa! Yule ninayemnyoa kila asubuhi!"

Alisema kweli, maskini. Hosea Peasgood hakuwahi kuiona sura yake popote ila kwenye kioo cha kunyolea, na kioo kinageuza kama jiwe linavyogeuza. London nzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye akitazama chapa ile alimwona Hosea, na mtu huyo ni Hosea. Wengine wote walimwona mdogo wake.

Kufikia mchana mtaa ulikuwa umefurika. Watu walicheka hadi kushikana mabega, na jina la Peasgood lilipita mdomo hadi mdomo kama pipi. Hosea alisimama katikati yao akiinamisha kichwa huku na huku, kama bibi harusi.

"Bwana Hosea, umemwona mdogo wako?" akapiga kelele muuza nyama.

"Sijamwona," Hosea akajibu kwa raha. "Nadhani kajifungia ndani kwa wivu."

Wakacheka zaidi. Akaona kwamba ana vichekesho pia, kumbe siku zote alikuwa navyo na hakujua.

Siku tano alitembea na furaha hiyo. Ya sita Tabitha alipata nafuu ya mafua, akajifunga shali, akaenda kumtazama mumewe dirishani. Mumewe alimsindikiza.

"Mbona huyu ni shemeji?" akasema Tabitha.

"Shemeji gani? Ni mimi!"

"Baba, mimi nimelala na hilo shungi miaka kumi na minne. Najua linakoanzia."

"Tabitha, tazama vizuri."

"Nimetazama. Ni Amos. Tena kapendeza, ule mdomo umemkaa."

Hosea akamkokota mkewe hadi nyumbani, wakasimama mbele ya kioo, akaonyesha sura yake mwenyewe humo. "Haya! Huyu si ndiye yule wa dirishani?"

"Ndiye."

"Na huyu wa kwenye kioo ni nani?"

"Ni wewe."

"Kwa hiyo?"

Tabitha akafikiri, pua imewekwa kwenye leso. "Kwa hiyo kwenye kioo unafanana na Amos," akasema. "Ndiyo maana ukinyoa huwa unakasirika."

Hapo ndipo Hosea alipoelewa. Alikuja dukani kwetu akikimbia, shungi linapepea nyuma yake kama bendera ya meli iliyosalimu amri, akadai jiwe lifutwe, picha ichorwe upya.

"Watu wanainunua," akasema Bi. Wragg.

"Wananunua Amos!"

"Wananunua. Mimi sina neno na sehemu iliyobaki."

"Kikao ni Jumanne hii, mama!"

"Basi nunua yako moja ukaigeuze mwenyewe."

Alisema hivyo kumfukuza tu. Lakini Hosea alisimama, akafikiri, kisha akanunua moja, isiyo na rangi, akaitazama kwa nyuma akiielekeza kwenye mwanga. Alitoka amejaa matumaini mapya, na Bi. Wragg akatutazama sisi kwa zamu kuona nani atakayethubutu kusema kitu.

Jumanne ya Pasaka ukumbi wa parokia ulijaa. Bi. Wragg alilipa kodi ya nyumba yake kwa hiyo alikuwa na mkono wa kuinua, na mimi nilimbebea furushi la chapa, kwa sababu hakuwahi kuacha mkusanyiko upite bure. Hosea alikaa mbele na Tabitha, karatasi imekunjwa kifuani. Amos alikaa nyuma kabisa. Alikuja kama kila mwaka, kuhakikisha hawapandishi kodi. Wiki ile alikuwa ameuza mitego ya panya kuliko mwaka mzima uliopita, kila mteja akiomba "mdomo wako mmoja, Bwana Amos," na bado alikuwa amenuna.

"Nani anapendekezwa?" akauliza kasisi.

"Peasgood!" akapaza sauti muuza nyama.

Hosea alisimama kwa kasi hata kiti kikaanguka. Katika Jumanne kumi na mbili hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutamkwa mle ndani.

"Peasgood yupi?" akauliza kasisi.

"Wa dirishani!"

Ukumbi ukaitikia, "Wa dirishani! Wa dirishani!" wakigonga sakafu kwa fimbo na miavuli. Kasisi alikuwa mtu wa utaratibu. Akaomba aonyeshwe chapa. Nikampelekea moja, na Bi. Wragg akamtoza bei ya rangi. Akaishika kando ya kichwa cha Amos, akalinganisha. Akaja mbele akaishika kando ya kichwa cha Hosea, akakunja uso.

"Ni yule wa nyuma," akasema.

"Sikuomba mimi," akanguruma Amos.

"Subirini!" Hosea akakimbilia dirishani, akakunjua karatasi yake, akaibandika kwenye kioo kwa upande wa nyuma, jua likipenya. "Tazameni sasa! Hivi ndivyo nilivyochorwa! Jiwe ndilo lililogeuza! Huyu ndiye mimi!"

Watu wakasogea. Ni kweli, kwa nyuma shungi lilianzia kushoto. Maneno nayo yalikuwa yamepinduka yote, na tumbo la birika lilionekana kama limekunywa.

"Bwana Peasgood," akasema kasisi kwa upole, "parokia haiwezi kuchagua upande wa nyuma."

"Huyo wa nyuma ya karatasi kodi analipia wapi?" akauliza mtu.

Kicheko kikapanda hadi darini. Mtu mwingine angetoka. Hosea alibaki pale dirishani, uso umekuwa rangi yangu. Kisha akatema mate kiganjani, akalishika shungi lake, akalivuta lote kutoka utosini.

Lilikuwa refu kuliko tulivyodhani, liligusa bega. Na chini yake parokia nzima iliuona ule upara, mweupe kama yai lililomenywa, alioufunika miaka kumi na minne, Jumapili na siku za kazi. Hakuharakisha, na hilo nampa. Aliupitisha mkononi ule mkia wa nywele, akauzungusha kupitia kisogoni, akaulaza juu ya kichwa kutoka kulia kwenda kushoto. Akamgeukia kasisi.

"Na sasa?"

Kasisi akainua chapa. Akatazama mbele, akatazama nyuma. "Sasa," akasema, "tuna Amos wawili."

"Basi tumchague Amos!" akapiga kelele muuza nyama. "Yeyote atakayepatikana!"

Mikono ikainuka kama msitu. Karani akaandika Amos Peasgood.

"Nakataa," akasema Amos.

"Anayekataa cheo cha parokia hulipa faini," karani akasema, akataja kiasi.

Amos akaushika mfuko wake wa fedha. Tulimwona akipambana nafsini, uvivu upande mmoja na ubahili upande wa pili. Halafu akapita katikati ya watu mpaka mbele na, kwa mara ya kwanza tangu birika la baba yao lipasuke, akaongea na kaka yake bila mteja katikati.

"Hosea."

"Amos."

"Unaitaka hiyo fimbo?"

"Unajua kwamba naitaka."

"Basi shungi liache hapohapo lilipo. Uwe mimi."

"Kwa muda gani?"

"Jumapili tu. Siku nyingine endelea na upumbavu wako mwenyewe."

Tabitha akamvuta mumewe koti. "Hosea, usikubali. Hosea! Jina lako je?"

Kasisi alitazama saa yake. Nyumbani kulikuwa na mguu wa kondoo kwenye oveni. "Mtu atakayejibu jina la Amos Peasgood atashika fimbo," akasema. "Zaidi ya hapo sitauliza."

Tulimwona Hosea akiwaza. Hakuchukua muda mrefu kama tulivyotarajia.

"Nipo," akajibu.

Jumapili iliyofuata alipanda benchi la mbele, shungi likianzia kulia, fimbo mkononi, akawatazama wote kana kwamba wamechelewa. Alikuwa peke yake. Tabitha alikaa nyuma ya nguzo, na alipoulizwa alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba yeye ni mwanamke mwenye heshima zake na hawezi kukaa mbele za watu kwenye mto mmoja na shemeji. Amos hakuja. Alilala hadi saa sita mchana, siku ile na Jumapili zote zilizofuata, kwa kuwa kitabu cha kanisa kilionyesha kwamba yupo.

Hosea alishika fimbo miaka tisa, na kila Jumanne ya Pasaka waliinua mikono. Mimi hadi leo sijui kama walikuwa bado wanacheka au walikuwa wameshazoea. Kasisi alimshukuru mimbarani kwa kamba mpya ya kengele, akasema Bwana Amos Peasgood, na Hosea alisimama akainama. Wageni waliomwamkia mlangoni kwa jina la Amos aliwapa mkono. Mtu mmoja tu, muuza maziwa asiyejua habari zetu, aliwahi kumwita Hosea ndani ya kanisa, naye Hosea alimtazama kwa ukali akamnyamazisha kwa kichwa cha fimbo.

Mwaka wa mwisho waliweka ubao wa mwaloni karibu na mlango wa kanisa, majina ya wasimamizi wote kwa rangi ya dhahabu. Fundi wa rangi alipofika kwenye jina lile, niliwaona kutoka barazani: fundi juu ya ngazi, na Hosea chini ameishika ngazi isiteleze.

"A-m-o-s," fundi akasoma kwenye karatasi yake. "Ukubwa huu unatosha, bwana?"

Hosea akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa upande mmoja, akakadiria.

"Kubwa zaidi," akasema. "Isomeke mpaka barabarani."